Hapa Mi Niko Nani?

Mvua ya Februari ilikuwa imetoka kukatika nilipopita kwenye kituo kimoja cha afya huko mtaa wa Katuba, saa kumi na moja jioni, kumchukua kijana mmoja ili tuongozane hadi zinapopakia teksi-basi. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, suruali ameikunja hadi magotini kwa ajili ya matope, daftari la shule liko pajani, naye anaandika. Nilidhani anamalizia hesabu za dawa. Aliponiona hakulifunga, alinigeuzia nisome mwenyewe. Zilikuwa tarehe, moja chini ya nyingine, ukurasa baada ya ukurasa, na mbele ya kila tarehe palikuwa na namba. Namba ya siku hiyo ilikuwa 211.

"Yaya," akasema, yaani dada mkubwa, nami ninayaandika maneno yake jinsi alivyoyatamka, kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, huku Kongo, "hapa mi niko nani?"

Nilicheka kidogo, kama mtu anavyocheka akikosa la kusema.

Yeye hakucheka. Alianza kunihesabia. Mama anayepangusa sakafu humwita dokta. Muuguzi mkuu humwita mtoto. Wagonjwa wanaotoka mbali humwita muganga na kumpa heshima zote, mpaka watakapogundua kwamba hawezi kuwaandikia dawa. Katika orodha ya malipo ya mwisho wa mwezi hayumo. Mlinzi wa lango, ambaye naye hulipwa kwa kuchelewa, yumo. Katika daftari la kikundi chetu yumo, kwa neno moja tu, volontere, yaani anayejitolea, na kando ya neno hilo mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, niliandika: miezi mitatu.

Siku 211, kwa mtu anayefika kazini siku sita kwa wiki, ni miezi minane.

Tulipotoka barabarani nilimwambia apande, nitamlipia. Alishukuru, akasema yeye hutembea. Anakaa Ruashi. Anayeujua mji wetu anajua maana ya kutoka Katuba hadi Ruashi kwa miguu, jioni, baada ya mvua.

Tangu siku hiyo zimepita wiki nyingi, na swali lake halijaniacha. Nimeliamkia, nimelilalia, na mara mbili nimelikuta kanisani katikati ya mahubiri.

Miezi mitatu

Sitaeleza hapa ukosefu wa kazi. Anayesoma haya pengine ana dosie yake mwenyewe, yaani karatasi zake za kuombea kazi, ndani ya bahasha ya kaki, nakala za diploma zimekunjika pembeni, na anayakumbuka malango yote ya kampuni za madini alikoiacha bila kujibiwa. Anajua pia kwamba asiye na mwamvuli, yaani mkubwa wa kumsemea, hubaki mvuani.

Kikundi chetu ni cha watu saba wa parokia, hatuna ofisi wala gari. Tunachofanya ni kidogo: tunamtafuta mtu aliyekaa bila kazi kwa muda mrefu kiasi kwamba amekwisha kuacha kujaribu, tunamtafutia mahali pa kutoa huduma kwa saa chache kila wiki, na tunamsindikiza. Neno hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Kumtafutia mtu mahali pa kufanya kazi bure si jambo gumu katika mji huu. Nafasi za bure zipo kila mlango. Kusindikiza ndiko kunakochosha. Ni kukaa na mtu kabla hajaanza na kumuuliza anaogopa nini, kwenda naye siku ya kwanza, kuhakikisha kwamba ndani kuna mtu mmoja anayejulikana, mwenye uso, ambaye anaweza kumwendea akikosea, kumrudishia nauli yake ili kujitolea kusimle mfuko, kurudi kila wiki na kuuliza tena, kuanza na asubuhi mbili na kuongeza polepole, kisha, siku iliyopangwa ikifika, kumtoa hapo akiwa na barua mkononi na hatua inayofuata imekwisha kuzungumzwa.

Kijana huyu alikuja kwetu na diploma ya usimamizi wa hospitali na miaka minne ya kukaa nyumbani. Kila alikoomba aliulizwa uzoefu wa miaka miwili. Mjinga gani, aliniuliza mara ya kwanza tulipoketi pamoja, anaweza kuupata uzoefu bila kuajiriwa na kuajiriwa bila uzoefu? Lakini si hilo lililonifanya nimchague. Mama yake alikuwa ameniambia kwamba mwanawe siku hizi hatoki chumbani kabla ya saa nne, na akitoka hasemi anakokwenda, kwa kuwa haendi popote.

Mwendo wa watu wasio na pa kuwahi

Kuna uchunguzi mmoja wa zamani ambao huwa nawasimulia wenzangu wa kikundi, hata wameuchoka. Mwaka 1933 watafiti watatu, Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, walitoa matokeo ya kazi yao huko Marienthal, kijiji cha Austria ambacho kiwanda chake cha nguo kilikuwa kimefungwa na kuacha karibu kila nyumba bila kazi. Walikaa mahali pasipoonekana wakapima mwendo wa wapita njia. Wanaume walitembea polepole kuliko wanawake na walisimamasimama njiani, maana wanawake walikuwa bado na chakula cha kupika na watoto wa kuogesha. Wanaume hawakuwa na pa kuwahi. Kwenye maktaba ya wafanyakazi ada ilikuwa imeondolewa na muda wa kusoma ulikuwa umeongezeka, lakini vitabu vilivyoazimwa vilipungua.

Niliposoma hayo mara ya kwanza sikuiona Austria. Niliwaona baba zetu.

Waliokulia katika kambi za Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, wanakumbuka jinsi wazee walivyosema kwamba kampuni ndiyo baba, kampuni ndiyo mama. Ilitoa mshahara, posho ya unga, shule, hospitali, hata timu ya kushabikia. Katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Miaka kumi baadaye uzalishaji ulikuwa umeporomoka hadi sehemu ndogo tu ya hizo, na mishahara ikawa ya kuja na kutokuja. Nakumbuka wanaume wa mtaa wetu wakitembea asubuhi kuelekea mahali ambako hawakuwa na shughuli tena, kwa sababu miguu ilikwisha kuizoea njia. Mmoja wao alivaa kofia yake ya kazi hadi alipofariki.

Kwa hiyo kijana wa Ruashi alipoanza kuamka saa kumi na mbili kwa ajili ya kituo cha afya, akaosha viatu usiku, akaanza kubishana na muuguzi kuhusu namna ya kupanga fishi, yaani kadi za wagonjwa, nilijua kwamba kitu cha kweli kilikuwa kinatokea. Bado najua. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani kwamba ninakuja kuikana kazi yetu.

Neno lililokwisha kutumika

Tatizo la kwanza lilikuwa neno lenyewe, na ilinichukua muda kulielewa.

Mwaka wetu wa pili nilimwendea mzee mmoja, fundi umeme wa mitambo, mikono yake bado ina akili kuliko vitabu vingi, nikamwomba aje kufundisha vijana kwenye karakana ya parokia, asubuhi mbili kwa wiki, kama volontere. Nilidhani itamtoa kwenye kiti chake cha plastiki chini ya mwembe. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kisha akasema: "Mama, volontere nilishakuwa mara moja. Mwaka 2003. Sirudii."

Wasiokuwa wa huku huenda wasishtuke. Mwaka 2003 Gécamines iliwaondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia, na mpango huo uliitwa kuondoka kwa hiari: depa volontere. Watu waliokuwa wanaidai kampuni mishahara ya miezi mingi walipewa fedha kidogo, wakatia sahihi, wakarudi nyumbani wakiitwa waliojitolea. Tangu hapo, katika nyumba nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, neno hilo lina harufu yake.

Na kabla ya hapo kulikuwa na salongo. Mama yangu bado hulitamka neno hilo la enzi za Mobutu akiwa amekunja uso: Jumamosi, jembe begani, kazi ya pamoja ya kulijenga taifa, na ole wake asiyeonekana. Leo Katiba yetu ya 2006 inakataza kazi ya kulazimishwa, na kifungu chake cha 36 kinasema kazi ni haki na wajibu mtakatifu, kisha kinaahidi kinga dhidi ya ukosefu wa kazi na malipo ya haki yanayomwezesha mfanyakazi na jamaa yake kuishi kwa heshima. Nimewahi kukisoma kwa sauti katika mkutano wa kikundi. Hakuna aliyecheka, lakini hakuna aliyeandika pia.

Kisha kuna hawa tunaoishi nao sasa: mwalimu na muuguzi ambaye serikali haijammekaniza, yaani amepewa kazi, anafika kila siku, anaandika majina na kupiga sindano, lakini jina lake halijaingia kwenye mashine ya mishahara. Anangoja mwaka mmoja, anangoja mitano. Elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2019, watoto walijaa madarasani, jambo jema lisilo na ubishi, lakini walimu wengi waliokuwa wanaishi kwa mchango wa wazazi walijikuta hawana hata ule mchango. Hao hatuwaiti volontere. Sijui kwa nini hatuwaiti hivyo.

Ndani ya mji wenye historia hiyo, mimi niliingia na daftari langu jipya na kuandika: volontere, miezi mitatu.

Mama aliyesimama ng'ambo ya barabara

Hadithi ninayoisimulia watu wakitaka kujua kama kazi hii inafaa ni ya mama mmoja wa Kampemba. Alikuwa amemuuguza mumewe miaka sita, mume akafariki, na alipomaliza matanga aligundua kwamba hakuna mtu tena anayemwita kwa sababu yoyote. Hakuwahi kuajiriwa. Akiongea alitazama meza.

Tulimpatia asubuhi mbili katika jiko la shule moja ya chekechea. Siku ya kwanza mwenzetu mmoja alikwenda naye. Walifika, mama akasimama ng'ambo ya barabara, na hapo wakasimama pamoja dakika arobaini, wakiyatazama malori ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia, yakipita, bila mama kuvuka. Mwenzetu hakumsukuma. Walirudi. Siku ya pili walivuka, wakaingia hadi uani, mama akamenya viazi kwa nusu saa na kuondoka. Siku ya tatu aliingia peke yake.

Kama mtu akiniuliza kusindikiza ni nini, humwambia ni zile dakika arobaini. Hakuna ripoti inayoweza kuzionyesha. Mfadhili akiziona kwenye karatasi atasema siku hiyo hakuna kilichofanyika.

Katika wiki ya tano mwalimu mkuu alimwomba mama abaki hadi jioni kwa sababu mpishi hakuja. Mama akasema hapana, mapatano yalikuwa hadi saa sita, na nyumbani kuna mjukuu. Mwenzetu alitupigia simu kutueleza hilo kana kwamba ametangaza bao la Mazembe, timu ya mji wetu. Mtu aliyekuwa hawezi kuvuka barabara alikuwa ameweza kumkatalia mwalimu mkuu. Miezi mitatu ilipokwisha tulimtoa kwa keki ndogo na barua, na baada ya wiki kadhaa shule nyingine ilimwajiri jikoni, kwa mshahara, kwa kuwa yule yule mwalimu mkuu aliyekataliwa alimsemea.

Nimeisimulia hadithi hii mara nyingi mno. Nikiisimulia ninaruka sehemu: kwamba mapatano yale ya saa sita yaliandikwa kwa sababu mwenzetu ni mkaidi, kwamba mwalimu mkuu alikuwa mtu mwema kwa bahati yetu tu, na kwamba katika miezi ile mitatu tulikuwa na mtu mmoja tu wa kumfuatilia, hivyo tulimfuatilia kweli.

Mstari uliofutwa

Wiki moja baada ya ile jioni ya daftari nilirudi Katuba, safari hii kwa mhasibu wa kituo. Ni mtu wa haki, ninamfahamu. Nilimuuliza moja kwa moja kama kuna uwezekano wa kijana wetu kuajiriwa pale mapokezi, maana kazi anaijua na wao wanamhitaji.

Alifungua kabati, akatoa bajeti ya mwaka uliopita na ya mwaka huu, akaziweka sambamba mbele yangu. Katika ile ya zamani palikuwa na mstari: karani wa mapokezi, mmoja. Katika mpya mstari huo haukuwepo.

"Tulikuwa tumepanga kumchukua mtu," alisema. "Kisha ninyi mkatuletea."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeshukuru.

Nilitoka nikasimama chini ya mti wa jakaranda nje ya lango, nisijue niende wapi. Miaka yote hii nimekuwa nikijiuliza kama yule anayejitolea amejiandaa vya kutosha kwa ajili ya kazi, kama viatu vyake ni safi, kama anajua kujieleza. Sikuwahi kujiuliza kuhusu kazi yenyewe, iko wapi, na nini kinaipata pale sisi tunapoleta mikono ya bure. Kwa miezi minane kijana wetu alikuwa akiuthibitishia uongozi, kila siku na kwa bidii zaidi, kwamba nafasi ile haihitaji kulipiwa. Alikuwa ameukalia mlango aliotaka kuufungua. Na aliyemkalisha hapo ni mimi.

Nilijaribu kuwa na hasira na kituo, ikanishinda. Muuguzi mkuu, yule anayemwita mtoto, anangoja kumekanizwa kwa mwaka wa sita. Anaishi kwa fungu lake katika ada wanazolipa wagonjwa, na wagonjwa wakipungua naye hupungua. Nilipomgusia habari ya haki za anayejitolea alinitazama bila kusema, kisha akarudi kwenye foleni yake. Ningemwambia nini? Pale ndani hakuna aliyekula jasho la kijana. Wote walikuwa kwenye ngazi ile ile, yeye akiwa kwenye kidato cha chini kabisa.

Katika wiki hizo nilikuwa nikisoma mambo ya Uingereza, ambako kumsindikiza asiye na kazi kupitia kujitolea ni kazi inayofahamika, na ambako vituo vya wanaojitolea huwashughulikia hata waliotoka hospitali za maradhi ya akili. Nilitarajia kujifunza mbinu. Kilichonishika ni kesi ya msichana mmoja, Cait Reilly, mhitimu wa jiolojia. Alikuwa akijitolea kwenye jumba la makumbusho kwa sababu alitaka kazi ya namna hiyo. Ofisi ya ajira ikamtoa huko na kumpeleka kufanya kazi dukani bila mshahara, akiambiwa kwamba akikataa atapoteza posho ya wasio na kazi. Alishitaki. Oktoba 2013 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo ilikubali kwamba kanuni zilizotumika dhidi yake hazikuwa halali, ingawa haikukubali kwamba ilikuwa kazi ya kulazimishwa. Nilibaki nikizitazama kazi hizo mbili za msichana mmoja, zote bila mshahara. Ile ya makumbusho aliichagua mwenyewe, ilikuwa na njia ya kwenda mahali, na angeweza kuiacha siku yoyote.

Kijana wetu naye angeweza kuacha siku yoyote. Kwenye karatasi.

Bahasha ya nauli

Sasa nifike kwenye lile ninaloona aibu kuliandika.

Nilipolifungua tena daftari la kikundi niliona kilichotokea. Mwenzetu aliyekuwa akimsindikiza alipata kazi Kolwezi katika mwezi wa pili, tukamwimbia, tukamwombea, na hakuna aliyechukua nafasi yake. Ziara za kila wiki zikakoma. Mwezi wa tatu ulipokwisha, mtunza fedha wetu, akifuata utaratibu, alisimamisha bahasha ya nauli, kwa kuwa miezi mitatu ilikuwa imetimia. Utaratibu ulikumbuka kusimamisha nauli. Haukukumbuka kumtoa mtu. Hivyo kijana aliendelea kwenda, kwa miguu, kutoka Ruashi, akidhani kwamba huu ndio mtihani wenyewe, na kwamba mahali fulani kuna mtu anayemwangalia na kumwandikia alama.

Hakukuwa na mtu. Ndiyo maana alianza kujiandikia mwenyewe. Nililitazama tena daftari lake la shule: ukurasa wa kwanza una tarehe na wino wa bluu, bila namba. Namba zinaanza katika wiki ambayo sisi tuliacha kwenda, akiwa amezihesabia na siku za nyuma.

Nimewasikia watu wakisema kwamba kujitolea kunamjenga mtu. Nimelisema mwenyewe, madhabahuni, nikiomba mchango. Nikiwalinganisha mama wa Kampemba na kijana wa Ruashi, sioni kwamba mmoja alikuwa na moyo kuliko mwenzake. Kama ni bidii, kijana alikuwa na zaidi. Kazi walizofanya zilikuwa za kweli zote mbili. Tofauti ni kwamba mama alipofika saa sita kuna mtu aliyejua kuwa ni saa sita.

Mkutano

Tulirudi Katuba watatu, na kijana mwenyewe wa nne, kwa kuwa tulikubaliana kwamba hatutamzungumzia tena asipokuwepo. Mkuu wa kituo alitupokea vizuri. Tuliomba mambo mawili: tarehe ya mwisho, na ule mstari urudishwe kwenye bajeti. La kwanza alilikubali mara moja. La pili alisema ataliangalia, na kila mtu hapa anajua kuangalia kunachukua muda gani.

Kisha akasema jambo ambalo lilituzima. Alisema, "Akiondoka, asubuhi wagonjwa watapanga foleni saa tatu zaidi. Mama wenye watoto wenye homa. Hilo pia mliandike."

Ni kweli. Msimu wa mvua, malaria ikipamba moto, nimeiona foleni ile ikipinda hadi barabarani. Mimi nilitaka kunyamaza. Mwenzangu mmoja alitaka kijana abaki, walau nusu siku. Tuligeuka kumtazama yeye, jambo ambalo sasa naona lilikuwa uonevu wa aina yake, watu wanne wazima kumtwika kijana foleni nzima ya Katuba.

Alijibu kwa sauti ndogo, kwa Kifaransa, lugha anayoitumia akitaka kuwa rasmi, kwamba atabaki hadi mwisho wa mwezi na atamfundisha yeyote watakayemleta. Hakusema atarudi.

Sijui kama tulifanya sawa. Wiki iliyofuata nilipita. Mama anayepangusa sakafu alikuwa dirishani pa mapokezi, amekaa pembeni ya kijana, anajifunza kuandika majina kwenye rejista. Sikumuuliza kama ameongezewa mshahara. Niliogopa jibu.

Katika kikundi tumebadilisha machache. Hakuna anayepelekwa popote kama hakuna mtu aliyetajwa kwa jina wa kumfuata, na huyo akihama, kazi ya kwanza ni kumpata mwingine, nyimbo baadaye. Hatupeleki mtu mahali ambapo nafasi hiyo hiyo ilikuwa inalipiwa au imepangwa kulipiwa. Tunaomba kuona bajeti, na ambao hawataki kutuonyesha tunawashukuru na kwenda zetu. Tumepoteza milango miwili kwa ajili hiyo. Na neno volontere tumelifuta kwenye daftari, kwa heshima ya mzee wa mwembe, ingawa hatujakubaliana tuweke lipi mahali pake. Mtunza fedha anapendekeza "msafiri". Tumemcheka, lakini hakuna aliyeleta bora zaidi.

Barua

Barua za utumishi katika mji huu zinafanana zote: fulani ametumika kwetu kwa bidii na uaminifu, tunamtakia mafanikio, muhuri. Mwajiri anaisoma kwa kufumba macho. Kwa hiyo nilimwomba mkuu wa kituo aniruhusu niiandike mimi, yeye ahakiki na kutia sahihi, nami nilitumia jioni mbili. Niliandika kwamba kijana huyu alipokea na kuandikisha wagonjwa, hadi wengi kiasi gani katika asubuhi nzito. Niliandika kwamba alizipanga upya fishi za miaka iliyopita kwa herufi, zikaanza kupatikana. Niliandika kwamba katika Desemba aligundua, kwa kuhesabu mwenyewe, kuwa vipimo vya malaria vingekwisha kabla ya Noeli, akasema, na vikaletwa kwa wakati. Chini nikaweka jumla ya siku, niliyoitoa kwenye rejista ya mahudhurio ya kituo: 233.

Alikuja kuichukua nyumbani, siku ya Jumamosi. Jumatatu alikuwa na miadi katika depo moja ya dawa mjini, ya kuulizwa maswali. Si ahadi ya kazi. Nilimpa kiti, nikampa maji. Aliisoma barua yote akiwa amesimama, midomo ikicheza, akarudia aya ya vipimo vya malaria. Kisha akatoa daftari lake kwenye mfuko wa plastiki, akafungua ukurasa wa mwisho, akauweka kando ya barua.

"Yaya, hapa pako makosa," akasema. "Haziko 233. Ziko 236. Mara tatu nilikwenda Jumapili, na siku ya Jumapili rejista inafungiwa."

Nilikwenda kuwasha kompyuta.